Paswedi ya waifai na spidi ya nyumba ya kupanga



Tangu nihamie Dodoma kuripoti habari za Bunge kuna swali nimeulizwa mara nyingi kuliko hata maswali ya siasa. Eti ukiweka ulinzi mkali kwenye waifai ya nyumbani, mtandao unakuwa mzito? Mpangaji mwenzangu wa chumba cha mbele ndiye mwenye imani kubwa zaidi kuhusu jambo hili. Kila mtandao ukisuasua jioni ananigongea dirisha: "Kaka mwandishi, hebu toa hiyo paswedi, mtandao upumue." Kwake paswedi ni kama geti. Kila kitu kinachopita lazima kisimamishwe, kikaguliwe, kipigwe muhuri, ndipo kiruhusiwe. Kwa hiyo ukiondoa geti, magari yatapita haraka. Ni hoja inayoeleweka. Tatizo ni kwamba si hivyo mambo yanavyokwenda ndani ya ruta, na kwa kuwa nimeshachoka kueleza dirishani usiku, nimeamua kuandika.

Kwanza mazingira yenyewe, kwa wale wasioijua Dodoma ya sasa. Mji huu ulitangazwa makao makuu mwaka 1973, lakini kubanana kwa kweli kumekuja baada ya 2016 Serikali ilipoamua kuhama moja kwa moja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa mjini, ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Watu hao wote wanalala mahali. Wengi wetu tunalala kwenye nyumba za kupanga huko Nkuhungu, Chang'ombe, Ipagala na Nzuguni, chumba na sebule, ua mmoja, choo wakati mwingine kimoja, na maji kwa zamu. Katika ua wa namna hiyo akitokea mtu mmoja mwenye ruta, ua mzima unajua kabla ya jua kuzama. Kwetu mtu huyo ni mimi, kwa sababu kazi yangu ni kutuma habari na picha kwa mhariri kila siku ya Bunge, na bando la simu lilikuwa linanimaliza.

Sasa turudi kwenye geti. Zamani, hoja ya jirani yangu ilikuwa na ukweli kidogo. Waifai ilipoanza mwaka 1997 ulinzi wake uliitwa WEP, na vyombo vya wakati ule vilikuwa na nguvu ndogo. Kulikuwa na vifaa ambavyo ukiwasha ulinzi huo kasi inashuka na unaiona inashuka. Watu wakazoea kuuzima. Cha kusikitisha ni kwamba hata waliouwasha hawakupata kitu, maana mwaka 2001 wataalamu watatu, Fluhrer, Mantin na Shamir, walionyesha kasoro ya msingi katika namna WEP inavyotumia ufunguo wake. Kufikia 2007 watafiti wa chuo kikuu cha Darmstadt, Ujerumani, walikuwa wanaivunja kwa chini ya dakika moja. Mwaka huohuo kampuni ya maduka ya TJX ya Marekani ilitangaza kwamba wezi wameingia na kuchukua taarifa za kadi zaidi ya milioni 45, na mlango mmojawapo walioupitia ulikuwa waifai ya dukani yenye WEP. Hiyo ndiyo bei ya kufuli la plastiki.

Baada ya hapo ikaja WPA mwaka 2003 kama kiraka, na WPA2 mwaka 2004 kama dawa yenyewe. WPA2 inatumia usimbaji uitwao AES, na kazi hiyo haifanywi na ubongo wa ruta unaohangaika na mambo mengine. Inafanywa na kipande maalumu ndani ya chipu ya waifai, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Hata ruta ya bei nafuu uliyonunua juzi inacho. Nimejaribu mwenyewe kwa uchokozi, usiku wa manane ua mzima umelala: nimepima nikiwa na paswedi, nikapima bila paswedi, nikarudia tena na tena. Tofauti niliyoiona ni ndogo kuliko ile inayotokea ukihamisha kiti kutoka upande mmoja wa meza kwenda mwingine.

Tena kuna kichekesho. Ulinzi unaopunguza kasi kweli ni ule dhaifu. Waifai za kizazi cha nne, zile zinazoandikwa 802.11n zilizopitishwa mwaka 2009, zimekatazwa kwa kanuni kutumia kasi yao mpya pamoja na WEP au ule usimbaji wa kiraka wa WPA, unaoitwa TKIP. Ukichagua TKIP kwenye ruta yako, ruta inarudi kwenye kasi ya zamani, yaani megabiti 54 kwa sekunde kwa nadharia, na kwa uhalisia nusu yake hivi au pungufu. Watu wengi wanalipia mtandao wa haraka halafu wameubana kwa kachaguo kadogo kwenye ukurasa ambao hawajaufungua tangu fundi aondoke. Hebu fungua ukurasa wa ruta yako leo. Ukiona TKIP, weka WPA2 yenye AES. Umepata usalama na spidi kwa mkupuo mmoja. Biashara za namna hiyo ni chache hapa duniani.

Basi kwa nini mtandao wa ua wetu unakuwa mzito jioni? Hapa ndipo naomba tutumie mfano wa bomba la maji, maana Dodoma hakuna asiyeujua. Waifai ni bomba moja. Katika chaneli moja anachota mtu mmoja kwa wakati mmoja, wengine wote wanasubiri. Sasa kwenye foleni kuna mwenye ndoo mpya mdomo mpana, anajaza mara moja anaondoka. Nyuma yake kuna mwenye dumu la mdomo mwembamba, tena ameshika mpira uliotoboka. Zamu yake ni moja tu, sawa na wengine, lakini itachukua dakika kumi. Watafiti wa Ufaransa walilieleza jambo hili mwaka 2003: kifaa kimoja chenye mawasiliano hafifu kinawavuta wote waliomo kuelekea kasi yake. Pakiti ya kawaida ina biti kama 12,000. Simu iliyo karibu na ruta, ikienda megabiti 54 kwa sekunde, inaimaliza kwa sehemu ndogo ya milisekunde. Simu iliyoko kule chooni nyuma ya kuta tatu, imeng'ang'ania kwa megabiti moja, inachukua milisekunde 12. Yaani mara 54. Huyo wa chooni hana habari, anatazama tamthilia yake kwa raha zake.

Kwa hiyo ukiondoa paswedi "ili mtandao upumue", unafungua bomba kwa barabara nzima, na wanaokuja ni hasa wale walio mbali, wenye mpira uliotoboka. Paswedi ndiyo inayolinda foleni.

Nimemweleza hivyo jirani yangu, akacheka, akasema: "Sawa, basi usiitoe. Lakini sisi wa ndani ya ua tupe." Hapo sasa ndipo penye mtihani, na mtihani huo hauko ndani ya ruta.

Laini iliyo kwenye ruta yangu imesajiliwa kwa alama za vidole na namba yangu ya kitambulisho cha taifa, kama laini zote nchini tangu zoezi lile la 2019 na 2020. Kwa mtu anayeangalia kutoka nje, ua mzima ni mimi. Akiandika mtu wa chumba cha tano jambo kwenye mtandao, likaonekana ni taarifa ya uongo, tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kifungu chake cha 16, na mguu wa kwanza wa upelelezi utafika kwenye jina langu. Nitajieleza, ndiyo. Lakini kujieleza kwa mwandishi wa habari kunaanza na kuchukuliwa kompyuta. Na ndani ya kompyuta kuna watu.

Nisieleweke vibaya, sijitii ushujaa. Ila kila mwandishi hapa mjini ana mtumishi mmoja au wawili wanaomwamini, wanaomtumia nyaraka kabla hazijasomwa hadharani, na watu hao wana kazi, wana watoto, wana mikopo ya benki. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa na kufikishwa Kisutu, na hoja kubwa ilikuwa kukataa kutoa taarifa za watumiaji wake. Tangu nikiwa mwanafunzi nimeichukulia kesi ile kama somo la taaluma. Mtu akikuamini, umebeba kitu chake.

Lakini tuwe wakweli pia, maana kuna wataalamu wa kutisha watu. Jirani aliye kwenye waifai moja na mimi hawezi kukaa tu akasoma barua pepe zangu. Siku hizi karibu tovuti zote na programu za ujumbe zina usimbaji wao wenyewe, kufuli juu ya kufuli. Anachoweza kuona mtu mjuzi ni majina ya tovuti ninazokwenda na saa ninazokwenda, na kama nimeacha folda wazi ya kushirikishana au printa isiyo na ulinzi, atafika. Pia anaweza kujaribu kuingia kwenye ruta yenyewe, ambayo kwa nyumba nyingi bado ina jina "admin" na paswedi "admin". Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka ruta na kamera nyingi sana duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya paswedi za kiwandani kama hizo. Kwa hiyo hatari ipo, lakini ina ukubwa wake. Haifikii kiwango cha mtu kukataa kumsaidia binti wa jirani anayejaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ambaye bando limemwishia akiwa ukurasa wa mwisho.

Nilichofanya ni kufungua mtandao wa wageni. Ruta nyingi za sasa zinao. Ni jina la pili la waifai lenye paswedi yake, na walio kule wanapata intaneti lakini hawaoni kompyuta yangu, hawaonani wao kwa wao, wala hawafiki kwenye ukurasa wa ruta. Nikawawekea kikomo cha kasi, kiasi cha kutosha masomo na ujumbe na hata video ya kawaida. Gharama yake? Ipo. Kila jina la waifai linajitangaza hewani kama mara kumi kwa sekunde, tena kwa kasi ya chini kabisa ili hata simu dhaifu isikie. Jina moja la ziada halitakusumbua. Ukiongeza la tatu na la nne kama nilivyoona kwenye nyumba moja ya wageni hapa mjini, hewa yote imejaa matangazo. Kikomo kile cha kasi nacho hakitibu ugonjwa wa mpira uliotoboka, maana zamu bado ni ya bomba lilelile. Dawa nusu.

Nusu ya pili ilikuwa kujihamisha mimi mwenyewe. Ruta ina masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 2.4 yanafika mbali na yanapenya kuta, ndiyo maana kila mtu yuko huko, na katika chaneli zake zote ni tatu tu, 1, 6 na 11, zisizokanyagana. Jioni ukitafuta waifai pale kwetu unaona orodha ndefu kama majina ya usaili. Yale ya 5 yana nafasi kubwa na kasi zaidi lakini yanachoka haraka. Kuta mbili za bloku na yamekwisha. Watu wanalalamikia udhaifu huo. Mimi nimeupenda. Waifai yangu ya kazi iko kwenye 5 peke yake, inajaza chumba na sebule na kuishia hapohapo. Anayetaka kuijaribu itabidi asimame dirishani kwangu, na nitamkaribisha chai. Hapa usalama na spidi vimekaa upande mmoja. Kilichopotea ni uwezo wa kuandikia habari chini ya mti uani, jambo ambalo kwa joto la Oktoba na Novemba si dogo.

Yapo pia mambo watu wanafanya yasiyosaidia upande wowote. Kuficha jina la waifai hakumfichi mtu. Simu zako zenyewe zinaliita jina hilo kwa sauti kila zinapotafuta mtandao. Kuorodhesha vifaa vinavyoruhusiwa nako ni kujichosha, namba ya kifaa inaigwa kwa dakika chache. Na kile kitufe cha WPS cha kuunganisha bila paswedi, kizime. Namba yake ya siri ina tarakimu 8, unadhani ni mamilioni ya kubahatisha, lakini mwaka 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta inaikagua nusu nusu na tarakimu ya mwisho inatokana na zilizotangulia, kwa hiyo majaribio hayazidi 11,000. Kompyuta haichoki kwa 11,000.

Mahali pekee ambapo nimekuta gharama ya kweli, inayouma, ni VPN. Ile ya ofisini inafunga mawasiliano yangu yote ndani ya bomba moja hadi kwenye seva iliyoko Ulaya. Hapo si suala la chipu, ni jiografia. Pakiti inatoka Dodoma, inashuka Dar es Salaam, inaingia baharini, inakwenda Ulaya, ndipo igeuke kurudi hata kama tovuti ninayoitaka iko Dar. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda kama kilometa 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi Ulaya ina muda wake ambao haiwezi kushuka chini yake hata ufanye maombi. Mei 12, 2024, katikati ya Bunge la Bajeti, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika huko baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nyingi za ukanda huu ikiwemo yetu zikabaki na mtandao wa kubahatisha. Siku zile picha moja kupitia VPN ilikuwa kama kuituma kwa basi. (Jirani yangu aliamini ni paswedi.) Halafu kuna upande wa kanuni: Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao wajisajili kabla ya Oktoba 30, pamoja na kutaja anwani zao za mtandao. Kwa hiyo kile unachotumia kujifunika kina fomu yake ya kujaza.

Mimi nimegawa. Picha za wabunge wakigonga meza haziendi kwa VPN, zina siri gani? Zimeshaonekana kwenye runinga. Nyaraka na mazungumzo na watu wangu vinapita kule hata ikichukua nusu saa, na mhariri apige simu mara ngapi atakavyo.

Kilichobaki sijakimaliza ni mzee mwenye nyumba. Mwaka 2018 ilitangazwa WPA3, ambayo inamzuia mtu kunasa mawasiliano yako leo kisha akakaa kwake akibahatisha paswedi taratibu. Ruta yangu inayo. Nilipoiwasha kwenye mtandao wa wageni, simu ya mzee, ya miaka mingi na yenye kioo kilichopasuka, ikagoma kabisa. Alikuja asubuhi akiwa ameishika mkononi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwandishi. Hii simu yangu umeifanyaje?" Simu hiyo ndiyo anayoongelea kwa video na mwanawe aliyeko masomoni nje, kila Jumapili.

Kuna hali ya mchanganyiko inayopokea WPA2 na WPA3 kwa pamoja, na ndiyo niliyoiweka. Wataalamu hawaipendi sana, kwa sababu anayetaka kukushambulia anaweza kupitia upande dhaifu. Nimeongeza urefu wa paswedi ili kufidia, maneno manne yasiyohusiana, na mzee ameniomba nimwandikie kwenye karatasi. Ameibandika ukutani, karibu na kalenda, mahali ambapo kila mgeni wake anaketi.